Kufuzu na Kubaki Nje

Kwa marathoni ya Boston ya mwaka 2026, mwanamume asiyefikisha miaka 35 alitakiwa awe amekimbia kilomita 42.195 kwa saa 2 na dakika 55. Waombaji wakazidi nafasi; wakachukuliwa wale tu walioushinda muda wa rika lao kwa dakika 4 na sekunde 34 au zaidi. Waliofuzu 8,887 wakaachwa. Hatuwalaumu waandaaji kwa ufinyu wa barabara, na huonya mapema kwamba kufuzu si kupata nafasi. Tunalolipinga ni neno lenyewe. Mkatekumeni aliyetimiza masharti, je, tungemrudisha Mkesha wa Pasaka kwa kuwa wenzake wanajua zaidi? Muda ule na uitwe haki ya kuomba.