Hema Limehama, Wenyeji Wamebaki
Mwaka 2016, kampuni ya Love Productions ilipolihamisha The Great British Bake Off, shindano la kuoka linalofanyika hemani, kutoka BBC kwenda Channel 4, watangazaji wake Mel Giedroyc na Sue Perkins walikataa kulifuata. Mary Berry, jaji mkongwe wa keki, naye akabaki. Ni jaji mwenzake Paul Hollywood peke yake aliyehama na hema. Nawaheshimu sana wanawake wale watatu. Shindano lilianza 2010 kwenye BBC Two bila makeke, na fainali yake ya mwisho BBC ilitazamwa na watu wapatao milioni 14. Siamini kwamba watazamaji hao wote walifuata unga na siagi tu. Perkins amewahi kusimulia kuwa mshiriki akiangua kilio, yeye na Mel walimsogelea na kuporomosha matusi makusudi, ili picha zile zisifae kurushwa hewani. (Watangazaji wangapi leo wangemfichia mgeni machozi yake?) Channel 4 iliwapata Noel Fielding na Sandi Toksvig, watu hodari, na kipindi kingali hai. Hata hivyo Mel na Sue walieleza kwamba habari ya kuhama iliwashtua, na hilo ndilo linaloniuma: waliokilea kipindi miaka yote ile walistahili kuketishwa mezani kabla ya wino kukauka.