Kabla Hujauza Mbaazi za Kupasua, Zipike Mwenyewe

Leo siongelei mbegu wala viuatilifu. Naongelea sufuria. Najua kuna watakaosema bwana shamba kaingia jikoni, hayo si mambo yake. Subirini nimalize.

Mwaka 2017 wengi wenu mnaukumbuka. Mwezi wa nane India, mnunuzi wetu mkubwa wa mbaazi, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei huku ikaporomoka. Manyara, Lindi, Mtwara, watu wakabaki na magunia ndani. Tangu hapo sisi maafisa ugani tunaimba wimbo mmoja: ongezeni thamani, koboeni, pasueni, fungasheni, uzeni hapa hapa nyumbani. Wimbo ni mzuri. Ila kuna ubeti tuliuruka, na mimi ni mmoja wa walioruka.

Kuna kikundi cha vijana nilikuwa nakishauri. Walianza kupasua mbaazi na kufungasha kilo moja moja. Walikuwa na magunia yaliyobaki msimu uliopita na mengine mapya. Wakaniuliza, tuchanganye? Nikawajibu changanyeni tu, mbaazi ni mbaazi. Mzigo wa kwanza ukaenda kwa mama lishe mmoja pale sokoni. Kesho yake karudi na sufuria mkononi. Nusu ya mbaazi imekuwa uji, nusu bado inagonga meno. Akaniambia, "Bwana shamba, hizi nimpe mteja gani?" Sikuwa na jibu. Hakununua tena, na wenzake wakasikia. Vijana walipoteza soko kwa neno langu.

Shida ilikuwa nini? Mbaazi iliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu inagoma kulainika, hata uichemshe vipi. Kwa macho huwezi kuitofautisha kirahisi na ile mpya, hasa ikishatolewa ganda. Ukiichanganya na mpya, moja inaiva na kuvurugika wakati nyingine bado ngumu. Mpishi hawezi kurekebisha hilo. Ni kosa la ghalani linaloonekana jikoni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: asiyepika mbaazi zake hajui anauza nini. Kabla ya kupasua na kuchanganya, chukua sampuli ya kila gunia, upasue kidogo, upike. Chagua mawe, osha mpaka maji yawe safi. Kikombe kimoja cha mbaazi, vikombe vitatu vya maji. Hazihitaji kulowekwa usiku kucha kama mbaazi nzima, kwa sababu ganda limetoka na maji yanaingia haraka. Zikichemka toa povu, punguza moto. Baada ya nusu saa anza kubonyeza kwa kidole. Zilizo nzuri zinapondeka zote ndani ya dakika 30 hadi 45. Gunia ambalo limebaki gumu liweke pembeni, lisiingie kwenye pakiti.

Wakati wa kujaribu usitie chumvi, nyanya, ndimu wala ukwaju. Vitu vichachu vinachelewesha kuiva, utalaumu mbaazi bure. Na usitie magadi. Magadi yanalainisha hata mbaazi iliyochoka, kwa hiyo yanakudanganya, halafu yanaharibu vitamini B1.

Kuna jambo la pili ambalo mpishi analigundua haraka: harufu. Ganda la mbaazi limeshikana sana na punje, ndiyo maana wengi tunaloweka kwanza, tunaanika, ndipo tunakoboa. Ukianika nusu nusu kwa haraka ya kuwahi soko, mzigo unavunda ndani ya mfuko. Anika mpaka punje ikauke kabisa, iwe ngumu tena, ndipo uipeleke mashineni. Ganda na chenga usitupe, mifugo wanakula.

Nimeshaambiwa na kijana mmoja, "Mzee, mteja wa mjini anaangalia bei tu." Sikubaliani naye. Bei inamleta mara ya kwanza. Mama lishe anayepika kila siku anahesabu mkaa. Mbaazi inayoiva kwa dakika 40 badala ya saa mbili imeshampunguzia gharama, na hiyo ndiyo faida unayomuuzia. Mwandikie kwenye pakiti: tarehe ya kupasua, maji kiasi gani, dakika ngapi, na kwamba chumvi, nyanya au ndimu vitiwe mwishoni. Nazi tu ndiyo sina haja ya kumfundisha, hiyo anaijua kuliko sisi.

Hatuwezi kuiamulia India inunue au isinunue. Lakini sufuria ya jirani tunaweza kuishinda, tukianza na ya kwetu. Wiki hii pima kikombe kimoja kutoka kila gunia ulilonalo, bandika jikoni, shika saa. Kisha niandikieni hapo chini: gunia la lini, dakika ngapi. Nami nitaweka ya kwangu, hata kama yatanitia aibu tena.