Klabu ya Magari ya Kale: Fundi Asiachwe Mlangoni

Nyuma ya nyumba nyingi za walimu na watumishi wa serikali waliostaafu, aghalabu chini ya mwembe, limesimama gari la zamani. Huenda ni Peugeot 404, huenda ni Land Rover, huenda ni Volkswagen ile yenye umbo la kobe. Lilinunuliwa kwa mkopo uliolipwa kwa makato ya mshahara. Lilipeleka watoto shule, wagonjwa hospitali na maharusi nyumbani kwao. Sasa magurudumu yamekaa chini, kuku wanataga juu ya kiti cha nyuma, na mnunuzi wa vyuma chakavu hakosi kupita kuuliza bei.

Mwenye gari hilo akielezwa kwamba ziko klabu za watu wanaohifadhi magari ya namna hiyo, jibu lake la kwanza huwa ni kicheko. Kwake yeye, klabu ya magari ya kale ni starehe ya matajiri waliokosa la kufanya siku ya Jumapili. Dhana hiyo haikuzuka hewani. Yapo magari ya kale yanayouzwa kwa fedha ambazo zingetosha kujenga shule, na zipo klabu ambazo kazi yake kubwa ni kupanga magari yanayong'aa uwanjani ili wenyewe watazamane. Hata hivyo, kuzihukumu klabu zote kwa kipimo cha hizo ni kosa, tena ni kosa lenye hasara. Anayetaka kuchagua klabu hana budi kwanza kuuliza swali moja: ndani ya klabu hii, maarifa na vipuri hutoka mkononi mwa nani na kufika mkononi mwa nani?

CHIMBUKO

Historia ya klabu hizi nchini Uingereza inatoa fundisho. Sheria ya mwaka 1865 katika nchi hiyo ilitaka mtu atembee kwa miguu mbele ya chombo cha moto barabarani akiwa na bendera nyekundu, na mwendo usizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini. Mwaka 1896 sheria ililegezwa na mwendo ukaruhusiwa kufika maili 14 kwa saa. Wenye magari wakasherehekea kwa msafara wa kutoka London hadi Brighton, tarehe 14 Novemba mwaka huo. Msafara huo ulifufuliwa mwaka 1927, na magari yanayokubaliwa kushiriki ni yale yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1905. Mwaka 1930 ikaundwa Veteran Car Club, klabu ya magari ya mwanzo kabisa.

Iliyofuata ina fundisho kubwa zaidi. Mwaka 1934 iliundwa Vintage Sports-Car Club, na shabaha ya waanzilishi wake ilikuwa kuwapa nafasi ya mchezo wa magari watu wasiokuwa na fedha nyingi. Kwa hiyo waliweka sharti kwamba gari la mwanachama liwe limekwisha kutimiza angalau miaka mitano. Maana ya sharti hilo ni dhahiri: ushindi usinunuliwe dukani pamoja na gari jipya. Mwaka 1939 ikafuata 750 Motor Club, iliyojengwa juu ya Austin 7, kigari kidogo cha bei nafuu kilichotengenezwa kati ya mwaka 1922 na 1939. Miongoni mwa wanachama wake alikuwamo kijana Colin Chapman, ambaye gari lake la kwanza la mashindano, la mwaka 1948, alilijenga kutokana na Austin 7 kuukuu. Kijana huyo ndiye aliyeanzisha kampuni ya Lotus.

Basi siyo kweli kwamba klabu hizi zilizaliwa ikulu. Baadhi zilizaliwa katika vibanda vya nyuma ya nyumba, kwa watu waliochafuka mikono. Kwamba leo baadhi ya magari yao yana bei ambayo mwalimu hawezi hata kuiota, hilo ni jambo lililokuja baadaye, soko lilipogundua thamani ya kile ambacho wanachama walikuwa wamekitunza.

KAZI YA KLABU

Kidole kimoja hakivunji chawa. Gari likiacha kutengenezwa kiwandani, vipuri navyo huadimika kidogo kidogo, mpaka siku moja chombo kizima kinasimama kwa kukosa mpira wa breki wa ukubwa wa sarafu. Mwenye gari akienda peke yake kwenye karakana kuomba kitu hicho kitengenezwe, atatajiwa bei ya kumkatisha tamaa, kwa kuwa gharama iko katika kutengeneza kalibu. Kalibu ikishapatikana, kutoa kipande kimoja au vipande mia hakutofautiani sana. Wakijitokeza wenye magari hamsini wenye haja ile ile, gharama ya kalibu inagawanyika hamsini, na lililokuwa muhali linawezekana.

Hivyo ndivyo klabu zenye maana zinavyofanya. Morris Minor ilitengenezwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1971, nayo haijatoweka barabarani kwa sababu wenye magari hayo wamejipanga, wanajulikana idadi yao, na anayetengeneza vipuri ana hakika ya wanunuzi. Kadhalika, MGB iliacha kutengenezwa mwaka 1980, lakini mwaka 1988 bodi zake mpya zilianza tena kutolewa kwa kutumia mitambo ile ile ya zamani. Hakuna anayewasha mitambo ya namna hiyo kwa ajili ya mtu mmoja. Ni lazima wawepo wengi waliokwisha kukubaliana juu ya wanachokitaka.

Pamoja na vipuri kuna maarifa. Vitabu vya ufundi vilivyochapwa na kiwanda haviandiki kila kitu. Sauti ya kabureta iliyorekebishwa sawasawa, au ulegevu wa gia ambao si ubovu bali ndiyo tabia ya gari lile, ni mambo ambayo mtu hujifunza kwa kusimama karibu na ajuaye.

KUCHAGUA

Klabu ni za aina tatu. Ziko za gari la aina moja, ziko za magari ya kipindi fulani, na ziko za eneo fulani zinazopokea gari lolote la zamani. Mwenye gari asiyejua ubovu wake ulipo atafaidika zaidi na klabu ya aina moja, kwa kuwa huko ugonjwa wake umekwisha kuugua wengine. Anayetaka mtu wa kumsaidia kusukuma Jumamosi hii ana haja na klabu ya mjini kwake. Wala hakuna dhambi kuwa katika mbili.

Kabla ya kulipa ada, mtu mwenye busara huenda kwanza kama mgeni. Husikiliza mazungumzo. Wakizungumzia bei tu, ajue yuko sokoni. Wakizungumzia gasketi, yuko mahali pake. Huomba kuisoma katiba na taarifa ya fedha ya mkutano mkuu wa mwaka, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Huuliza iwapo ipo ghala ya vipuri, nani mwenye ufunguo, na iwapo mwanachama mpya hupata kwa bei ile ile ya mwanachama wa siku nyingi. Na asiye na gari bado, lakini anatamani, ajiunge kwanza ndipo anunue. Walio ndani ndio watakaomwonyesha kutu iliyofichwa chini ya rangi mpya.

Liko pia suala la uhalisi. Shirikisho la kimataifa la klabu hizi, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hulitambua gari kuwa la kihistoria likitimiza umri wa miaka 30 na kuhifadhiwa katika hali yake ya asili. Kwa kipimo hicho, magari mengi ya Kimarekani yanayobeba abiria mjini Havana yangekataliwa, kwa maana mafundi wa Kuba, baada ya kunyimwa vipuri na Marekani tangu miaka ya 1960, waliyatia injini na viungo vya magari mengine. Kipimo cha FIVA kina haki yake, na werevu wa Mkuba nao una haki yake. Muhimu ni mtu kujua mapema klabu anayoiendea inafuata njia ipi, asije akafukuzwa kwa dhambi asiyoijua.

AFRIKA MASHARIKI

Katika Afrika Mashariki urithi wa magari si wa kuazima. Mbio za Safari zilizoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyojipatia jina humo yalikuwa ya jamii ile ile iliyobeba walimu na mabwana shamba. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Na mara mbili kati ya hizo, mwaka 1966 na 1967, usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania. Mjini Nairobi, klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo imekuwa ikiandaa tangu mwaka 1970 mashindano ya kukagua usafi na utunzaji wa magari. Mwaka 2003 zilianzishwa mbio za Safari kwa magari ya kale.

Mbio hizo hutazamwa kwa furaha, lakini gharama yake si mlango wa kuingilia mtumishi wa kima cha kati. Mlango wake ni watu watano au sita wenye gari la aina moja katika mji mmoja, daftari moja la anwani na vipuri, na siku moja ya mwezi ya kukutana.

Na hapo ndipo penye jaribio la kweli. Waliobaki wakiyajua magari hayo kwa undani ni mafundi wazee, wengi wao wakifanya kazi chini ya miti bila cheti wala kiinua mgongo. Katika klabu za majivuno, mwenye gari huketi kivulini na beji kifuani, na fundi aliyelifufua gari lile hungoja nje ya lango kama mbeba mizigo. Klabu ya namna hiyo imejichimbia kaburi. Siku fundi yule atakapofariki, itabaki na rangi inayong'aa juu ya injini isiyowaka. Fundi awe mwanachama kamili, mwenye kura, kiti na heshima ya kuitwa mwalimu. Na vijana wa vyuo vya ufundi waalikwe kuketi miguuni pake.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haina nafasi ya kung'arisha magari makuukuu. Hoja hiyo isipuuzwe. Hakuna aliye na haki ya kuchukua karo ya mtoto akanunulia taa ya mbele, na klabu inayomwaibisha mwanachama kwa sababu rangi ya gari lake imepauka haistahili ada ya mtu yeyote. Lakini kufundisha mikono kutengeneza badala ya kutupa si anasa. Fundi aliyejifunza kufufua injini ya mwaka 1966 hatashindwa na pampu ya maji ya kijiji.

Mnunuzi wa vyuma chakavu atapita tena mwezi ujao. Akilibeba gari lililo chini ya mwembe, fedha yake itaisha katika wiki chache. Kabla ya kumfungulia lango, mwenye gari amtafute kwanza jirani mwenye gari kama lake, kisha waende pamoja kwa fundi mzee aliyekuwa akiyatengeneza. Hao watatu wakiketi na kuandika majina yao katika daftari, klabu imekwisha kuanza.