Posa Isubiri, Binti Amalize Chuo

Kuna miezi ambayo nyumba moja hupokea barua mbili. Ya kwanza ni ya posa, imeletwa na wazee waliovaa kanzu safi, na ndani yake mna heshima zote. Ya pili ni ya chuo: binti amepata nafasi ya kusoma uuguzi na ukunga, miaka mitatu, Tosamaganga, mkoani Iringa. Barua ya kwanza hupigiwa vigelegele, na ya pili hupigiwa maswali. Iringa ndiyo wapi huko? Si kwa mapadri? Atavaa nini? Na bwana harusi atasemaje?

Sisi tunasema aende. Na kama posa ni ya kweli, itamsubiri.

Tuanze na mahali penyewe, maana wengi wetu visiwani tunalijua jina tu. Tosamaganga iko nje kidogo ya mji wa Iringa, kilomita zisizofika 20, juu kwenye vilima vya Uhehe. Kwa Kihehe maganga ni mawe, na mawe huko yapo kweli, makubwa kama nyumba. Si mbali na Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Misheni ilianzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, kisha baada ya vita ya kwanza ya dunia wakaja Wakonsolata kutoka Italia, mwaka 1919. Hao ndio waliokaa. Pakakua kanisa, shule, kituo cha kulelea watoto yatima, hospitali, na kando ya hospitali chuo cha kufundisha wauguzi. Hospitali ni ya Jimbo Katoliki la Iringa, lakini kwa miaka mingi imekuwa Hospitali Teule ya halmashauri, yaani serikali haikujenga yake pale bali iliiteua hii iwahudumie wananchi wa wilaya kwa niaba yake.

Hilo la kuteuliwa si dogo. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini hati ya makubaliano kuhusu huduma za jamii, na Waislamu wa nchi hii wamekuwa na maneno yao juu ya hati ile hadi leo. Hatutaki kuyafukua yote hapa, na hatusemi kwamba hayana msingi. Lakini tutazame upande wa pili wa jambo hilohilo. Hospitali teule hupewa watumishi wanaolipwa na serikali, hupewa dawa na ruzuku. Fedha hizo ni kodi ya mama muuza mchicha wa Iringa na kodi ya baba yako pia. Sasa ikiwa tumechangia, kwa nini binti zetu wawe wa mwisho kuingia darasani? Kususia mlango ambao umejengwa kwa jasho lako na la mwenzio ni kujiadhibu mwenyewe.

Tena tujiulize tunataka nini tunapokwenda kujifungua. Kila mwanamke aliyekaa foleni ya kliniki anayajua mazungumzo haya: "Nimemkuta mwanamme leba, nimeona haya mpaka uchungu umekatika." Tunataka mkunga awe mwanamke. Tunataka awe mtu anayeelewa kwa nini tunaomba shuka la ziada, kwa nini mama anataka mtoto aadhiniwe, kwa nini mgonjwa wa siku ya pili ya uzazi anauliza habari za kutawadha. Hayo ni matakwa ya haki kabisa. Lakini mkunga huyo hashuki kutoka mbinguni. Ni binti wa mtu. Ni binti aliyesoma kemia, akapelekwa chuo, akakesha wodini, akafuta damu ya watu asiowajua. Hatuwezi kumtaka binti wa jirani awe mkunga wetu huku wa kwetu tumemfungia ndani tukimpaka singo.

Nani asiyemjua Bibi Rufaida Al-Aslamiyya, aliyekuwa na hema la majeruhi pale msikitini Madina zama za Mtume, rehema na amani zimshukie? Alipojeruhiwa Sa'ad bin Muadh katika vita vya Handaki, kwenye hema lile ndipo alipopelekwa. Tunamtaja sana katika mihadhara ya wanawake. Tumtaje na tunapojadili fomu za kujiunga na chuo.

Turudi Iringa. Kazi ya chuo kama kile huonekana vijijini zaidi kuliko mjini. Hospitali ya Rufaa ya Kanda kwa Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Iringa. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri safari hiyo. Anaokolewa na yule aliye karibu: muuguzi wa zahanati anayejua dalili, anayejua sindano gani itangulie, na anayejua saa ya kuita gari. Wanafunzi wa uuguzi hawasomei darasani peke yake. Sehemu kubwa ya mafunzo ni wodini na kwenye vituo vya afya, wakiwa chini ya wauguzi waliotangulia. Ndiyo maana chuo kilichoshikana na hospitali yenye wagonjwa wa kweli kina thamani kuliko jengo la ghorofa lenye vioo mjini ambalo wanafunzi wake huenda kuomba nafasi ya mazoezi kwenye hospitali za watu.

Na kazi hiyo inahesabika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 Tanzania. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Barabara zimechangia, magari ya wagonjwa yamechangia, majengo yamechangia. Lakini jengo halizalishi. Katika kipindi hichohicho akina mama wengi zaidi wamekuwa wakijifungulia vituoni mikononi mwa watu waliosomea, na watu hao wametoka kwenye vyuo, vingi vikiwa vidogo, vya mikoani, kama hiki cha Tosamaganga na kile cha Walutheri cha Ilula, mkoa huohuo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wazazi wetu huliuliza mwisho na lingefaa liulizwe mwanzo: ithibati. Mwenye chuo anaweza kuwa padri, shehe au mfanyabiashara. Kinachompa binti yako cheti chenye uzito ni usajili wa chuo kwa NACTVET, lile baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi ambalo zamani tulilijua kwa jina la NACTE. Baraza hilo huweka orodha ya vyuo ilivyovisajili pamoja na programu zake. Angalieni jina la chuo, kisha angalieni programu yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa lakini kozi mnayotangaziwa haimo. Kuna matangazo ya mitandaoni yanayoahidi "nesi kwa miezi sita". Mama, hakuna kitu hicho. Anayetoka huko hasajiliwi popote, na ada imekwenda.

Safari halisi ni hii. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya nne ya tuzo za taifa, astashahada ya awali. Wa pili ni ngazi ya tano, astashahada. Wa tatu ni ya sita, stashahada. Kisha kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na hapo ndipo leseni. Akiwa na stashahada nzuri na namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, mlango wa shahada nao uko wazi kwake, akitaka.

Kuingia kunahitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yakiwemo kemia, baiolojia na fizikia, na masharti yanasema masomo manne yasiyo ya dini. Hili liwafikie walio na mabinti wa kidato cha kwanza na cha pili sasa hivi. Tunafurahi binti akipata A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, na tuna haki ya kufurahi, lakini A hiyo haitamfungulia mlango wa chuo cha uuguzi. Fizikia aliyoiacha kwa kuambiwa ni ya wavulana ndiyo itakayomrudisha nyumbani.

Kwa sisi wa visiwani kuna hatua moja ya ziada. Afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga. Kwa hiyo binti aliyesoma Bara akirudi kufanya kazi Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee, Mkoani, ajiandae kupeleka vyeti vyake vikasajiliwe huku pia. Atakayeuliza kwa nini asisome SUZA hapahapa, tunamjibu: asome, akipata nafasi, na ni vizuri. Anayetaka chuo cha Kiislamu Bara, Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Waislamu. Tunamzungumzia hapa yule aliyepata nafasi yake Tosamaganga na familia inataka kuiacha kwa sababu ya msalaba ulio getini.

Msalaba haumbadilishi dini aliyelelewa akajua dini yake. Lakini wasiwasi wa mzazi haudharauliki, na dawa yake ni maswali, yaulizwe kabla ya kulipa ada, tena kwa maandishi. Je, mtandio unaruhusiwa juu ya sare ya wodini? Ijumaa ratiba ikoje? Ramadhani bweni hupikaje, na daku? Chuo chochote kinachojiheshimu kitajibu. Kikijibu vibaya mna ushahidi na mna muda wa kutafuta kingine. Iringa mjini ina misikiti na ina Waislamu wa miaka mingi, wenye maduka, wenye madrasa, na familia moja ya kumtazama binti mwisho wa juma haikosekani mkitafuta kabla, si baada ya yeye kuugua. Safari ya kwanza baba au kaka ampeleke: boti mpaka Dar, kisha basi kutoka stendi ya Magufuli, kilomita zipatazo 500 hadi Iringa, na mlima Kitonga ukiwa umebaki karibu na mwisho. Mkoba wake uwe na sweta mbili nzito na soksi. Mtu wa Unguja hajui baridi mpaka atie wudhuu alfajiri ya Julai kule juu.

Basi bwana harusi. Tumeona aina tatu za wachumba. Kuna anayesema, "Asome, mimi nitasubiri," huyo muombeeni dua. Kuna anayesema asiende kabisa, na huyo angalau amesema mapema. Wa tatu ndiye mwenye hatari: anakubali kwa mdomo, ndoa inafungwa likizo ya mwaka wa kwanza, kisha mwezi wa tatu chakula kimekuwa hakina mpishi, mama mkwe anaumwa mgongo, na chuo kinakufa kimyakimya. Binti aliyeishia ngazi ya nne hawezi kusajiliwa kuwa muuguzi. Amelipa mwaka, amekesha mwaka, na mkononi hana leseni.

Kwa hiyo lizungumzwe siku ya posa, walii akiwepo, na liandikwe. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu masharti gani humfunga mume baada ya akdi, na sisi wengi wetu ni Mashafi, basi shehe wenu aulizwe kabla na si baada ya ugomvi. Lakini hata pale ambapo sharti halina nguvu ya kisheria, maneno yaliyosemwa mbele ya wazee wa pande mbili yana uzito wake, na mwanamme anayekataa hata yaandikwe amewapa jibu mnalolihitaji.

Tunajua mtatuambia umri unakwenda. Aliyemaliza kidato cha nne na miaka 18 atakuwa na leseni akiwa na 21 au 22. Hapo ana uso wake uleule, hina itakolea vilevile, na sanduku la bibi harusi atachangia kulijaza kwa mshahara wake mwenyewe. Kama lazima ndoa ifungwe kabla, basi isiwe kabla ya mwaka wa tatu kuanza, na tarehe iwekwe kwa kalenda ya chuo, si kwa tarehe ya ukumbi. Mwulizeni binti likizo zake ni lini. Msimpangie harusi wiki ya mitihani halafu mkamlaumu kwamba alikaa ukutani hacheki.