Marekani: Jamii zaziba pengo kwa vijana viziwi wa Kilatino baada ya sekondari

Kwa kijana kiziwi nchini Marekani, siku ya kuhitimu shule ya sekondari ndiyo siku ambayo haki zake hubadilika sura. Chini ya sheria ya elimu kwa watu wenye ulemavu, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1975, shule ndiyo yenye wajibu wa kumtambua mwanafunzi, kutathmini mahitaji yake na kumpatia huduma bila malipo. Aidha, anapofikisha umri wa miaka 16, shule hutakiwa iwe imeandaa mpango wa maisha yake ya baadaye. Akishapokea cheti cha kuhitimu, wajibu huo hukoma. Sheria ya mwaka 1990 inayokataza ubaguzi huendelea kumlinda chuoni na kazini, lakini kuanzia hapo ni yeye anayepaswa kujitokeza, kuwasilisha uthibitisho na kuomba mkalimani.

Mabadiliko hayo huwagusa viziwi wote. Takwimu za mwaka 2017 zilionesha kuwa takriban asilimia 53 ya viziwi wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na ajira, ikilinganishwa na asilimia 76 ya wanaosikia. Hata hivyo, kwa vijana wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini, mzigo huongezeka kwa sababu ya lugha.

Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Katika familia nyingi za Kilatino, nyumbani huzungumzwa Kihispania, ilhali shuleni mtoto hujifunza Kiingereza na, mara nyingi, Lugha ya Alama ya Marekani. Aliyetoka Mexico huenda akawa na Lugha ya Alama ya Mexico, ambayo ni lugha nyingine kabisa. Hivyo kijana na mzazi wake wanaweza kuishi chini ya paa moja bila kuwa na lugha moja ya kujadili chuo, kazi au fedha.

Wakati wa shule, sheria huitaka shule iwatafutie mkalimani wazazi wasiojua Kiingereza wanaposhiriki vikao vya mpango wa mtoto wao. Baada ya kuhitimu, vikao hivyo havipo tena. Mwezi Machi 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na kufuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka taasisi za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri. Kwa mzazi anayemtafutia mwanawe huduma, mlango mmoja zaidi umekuwa mwembamba.

Hapo ndipo jamii huingia. Council de Manos huwaunganisha viziwi wa Kilatino nchini humo, na Mano a Mano huwakutanisha wakalimani wa Kihispania, Kiingereza na lugha ya alama. Jimbo la Texas hutoa hata cheti maalumu kwa wakalimani wa lugha hizo tatu. Thamani ya mitandao hii si tafsiri pekee. Mzazi anayesita kumpeleka mwanawe Chuo Kikuu cha Gallaudet mjini Washington, au taasisi ya kitaifa ya ufundi kwa viziwi iliyoko Rochester, New York, huhitaji kumwona kiziwi mtu mzima wa jamii yake aliyesoma na anayejitegemea. Ushahidi huo haupatikani katika kipeperushi cha ofisi.

Pamoja na hayo, moyo wa kujitolea una mipaka. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1982 uliwahakikishia watoto wasio na hati za ukaazi elimu ya shule za umma, lakini misaada ya masomo ya serikali kuu haiwafikii wanapoingia chuoni. Jamii haiwezi kubeba gharama hiyo peke yake.

Fedha za kuanzia zipo. Sheria ya mwaka 2014 inazitaka mamlaka za majimbo kutenga angalau asilimia 15 ya fedha za serikali kuu za huduma za ajira kwa watu wenye ulemavu, kwa ajili ya kuwaandaa wanafunzi. Majimbo yakizishirikisha jumuiya hizi mapema, kijana akiwa bado shuleni, familia itakuwa imekwishamfahamu mtu wa kumwendea siku ambayo wajibu wa shule unakoma.