Akikuomba sigara wodini, mnyime

Mgonjwa wa upasuaji huulizwa kama ana pumu, kisukari au presha, na kama amekula tangu usiku. Habari ya sigara huulizwa juujuu, ikawekwa tiki kwenye fomu, basi. Mimi ni muuguzi wa usingizi, na kwangu swali hilo lina uzito sawa na la presha.

Kijana wa bodaboda aliyesagika vidole si lazima alazwe usingizi mzito. Tunamchoma sindano ya ganzi kwapani au juu ya mtulinga, karibu na neva zinazoshuka mkononi. Kabla hajasema hasikii kitu, kiganja chake huwa kimeshaniambia: kina joto, jasho limekauka, na mishipa ya mgongo wa mkono imetutumka kama ya mbeba zege. Ganzi haiui maumivu tu. Inazima pia neva zinazoiamuru mishipa ya damu ijibane, hivyo damu inafurika kwenye ngozi. Kwa kidonda kibichi hiyo ni neema, ingawa ni ya saa chache.

Nikotini hufanya kinyume. Huuchochea mwili kumwaga adrenalini, na mishipa midogo ya vidole ikajibana. Wala ganzi si kinga kamili, kwa maana adrenalini husafiri ndani ya damu yenyewe, haingoji neva tulizozizima. Moshi nao una kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo damu inafika kidogo, na hicho kidogo hakina oksijeni ya kutosha. Ngozi iliyopandikizwa ikikosa damu hugeuka bluu, kisha nyeusi, na mgonjwa anarudi tena mezani kukatwa.

Wapo wenzangu wanaosema mvutaji wa miaka mingi hawezi kuacha kwa sababu ya kidole. Siombi miujiza. Nusu ya nikotini hutoka mwilini kwa takribani saa 2, na nusu ya kaboni monoksaidi kwa saa 4 hadi 6. Hata usiku mmoja bila sigara una faida. Kwa upasuaji wa kupangwa, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba wanaoacha wiki 4 au zaidi kabla hupata matatizo machache.

Basi mgonjwa anapopewa tarehe ya upasuaji, apewe papo hapo na tarehe ya kuacha sigara. Asubuhi ya siku yenyewe aulizwe waziwazi: ya mwisho umevuta saa ngapi? Aulizwe bila kukaripiwa, maana anayeogopa kukaripiwa atadanganya.

Nanyi ndugu mnaokwenda kumwona mgonjwa, pelekeni uji na matunda. Akiomba sigara, hata moja, mnyimeni. Atanuna, lakini kidole kitapona.