Miezi minane si ese tena

Mwenzetu mumoja hapa Kolwezi alitumika miezi minane ku kampuni mupya ya sutretansi. Siku moja wakamutosha ku benne, wakamupandisha ku mashini ingine. Mafunzo? Saa mbili tu. Akagonga ukuta. Kesho yake baji haikufungua mulango. "Ungali ku ese," wakamuambia.

Hapana! Sheria ya kazi ya 2002 inasema ese iandikwe, na isipite miezi 6. Kisha pale, artikulo 62 inaomba sababu ya kweli mbele ya kufukuza mutu. Basi kosa ni la nani: mwenye hakufundishwa ao mwenye hakufundisha?

Ba mama, muchunge kontra muzuri ku nyumba. Batumikaji, tusisaini bila kusoma. Wakikufukuza, kuya ku sendika, tuende pamoja ku inspeksio ya kazi.